Kabla hujafuta ghala lako la programu

Vijana wetu wengi siku hizi wanatengeneza tovuti na programu za simu, na kazi zao wanaziweka kwenye ghala la Git. Git ni programu ya kutunza historia ya mabadiliko, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. GitHub ni tovuti iliyofunguliwa 2008 kuhifadhi maghala hayo mtandaoni. Kuna wanaovichanganya vitu hivi viwili, na hapo ndipo makosa ya kufuta yanapoanzia.

Ghala la kwenye kompyuta. Historia yote imo ndani ya folda iliyofichwa iitwayo .git. Ukiifuta hiyo peke yake, mafaili yako yatabaki kama yalivyo leo, lakini historia yake imekwenda. Ukifuta folda nzima ya kazi, umepoteza vyote. Nakala iliyoko GitHub haiguswi.

Ghala la GitHub. Mwenye ghala huingia kwenye mipangilio, akashuka hadi chini kabisa, akachagua kufuta, kisha hutakiwa aandike jina la ghala kwa mkono wake. Usumbufu huo umewekwa makusudi. Maghala mengi yaliyofutwa huweza kurudishwa ndani ya siku 90, ila ruhusa za timu na mafaili yaliyoambatanishwa na matoleo hayarudi.

Nakala za wengine. Ukifuta ghala la wazi, nakala ambazo wengine wamejifungulia GitHub zinabaki. Ukifuta la faragha, nakala zake za humo GitHub nazo hufutika. Lakini aliyekwisha kulishusha kwenye kompyuta yake anabaki nalo.

Siri iliyovuja. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Mtu amesahau nywila au ufunguo wa malipo ndani ya ghala la wazi. Anafuta lile faili, anashusha pumzi. Faili bado limo kwenye historia, na yeyote anaweza kurudi nyuma akalisoma. Hata kufuta ghala zima hakumwokoi, maana maji yakimwagika hayazoleki. Dawa ya kwanza ni kubadilisha nywila au ufunguo huo papo hapo. Baada ya hapo ndipo usafishe historia kwa zana kama git-filter-repo.

Usifute kwa hasira. Ikiwa ghala ni la skuli, chama au mteja, ile ni amana, hata kama mmekosana juu ya malipo. Chukua kwanza nakala kamili yenye historia yake, uiweke pahala pengine, na uhakikishe inafunguka. Na kama unachotaka ni kusimamisha kazi tu, GitHub ina njia ya kulifunga ghala: watu wanasoma, hakuna anayeandika, na siku ukitaka unalifungua tena.