Jina la London, Kazi ya Sheffield

Kiwanda cha James Dixon & Sons, kando ya Mto Don mjini Sheffield, Uingereza, siku hizi ni makazi ya watu. Jengo lake la Cornish Place limehifadhiwa, na hilo ni la kushukuru. Kilichosahaulika ni vyombo vidogo vya wawindaji vilivyotoka humo, kuanzia vibuyu vya baruti hadi mideki na brashi za kusafishia bunduki za marisau. Kisanduku cha zamani cha vifaa hivyo kikifika mnadani, wanunuzi hutafuta kwanza jina kubwa la watengenezaji bunduki wa London, kama Purdey au Holland & Holland, na bei hulifuata jina hilo. Kipimo hicho kinapotosha. Wenye maduka ya bunduki walinunua vifaa vingi kwa mafundi wa Sheffield na Birmingham, wakabandika lebo zao kwenye kifuniko. Lebo humtaja muuzaji. Aliyetengeneza atafutwe kwenye chuma chenyewe, penye tarumbeta na bendera ya Dixon au jina la mshindani wake, Hawksley.

Hata pasipo chapa, kifaa hujieleza kwa kazi yake. Brashi ya kasiba ya namba 12 hutoshea tundu la milimita 18.5 hivi; ya namba 20, milimita 15.6. Zaidi ya vipimo, kuna ugomvi wa zamani kuhusu chanzo cha kutu. Masizi ya baruti nyeusi yalitoka kwa maji na makumbi ya katani. Baruti isiyo na moshi ilipoenea mwishoni mwa karne ya 19, kasiba zilishika kutu hata zikipakwa mafuta, na wengi wakailaumu asidi ya baruti hiyo mpya. Wauza dawa za kusafishia wakapata soko. Mwaka 1922 mwanakemia Wilbert Huff wa Idara ya Migodi ya Marekani alionyesha mkosaji halisi: chumvi ya potasiamu iliyoachwa na fataki za kuwashia baruti, ambayo huvuta unyevu hata chini ya mafuta. Maji huiyeyusha, mafuta huifunika tu. Kwa hiyo kisanduku chenye chupa kadhaa na brashi za waya kinasimulia hofu ya enzi hiyo, kabla fataki zisizoleta kutu hazijaenea.

Atakayepinga atasema brashi huchakaa na kubadilishwa, hivyo haiwezi kuthibitisha umri wa kisanduku. Ni kweli, na ndiyo sababu ushahidi lazima ukusanywe: skrubu za vipande vya mdeki zikubaliane na brashi, na maandishi yakubaliane na sheria. Neno “England” huashiria zaidi miaka ya baada ya 1891, Marekani ilipoanza kudai nchi ya asili itajwe kwenye bidhaa. Kukosekana kwake hakuthibitishi lolote. Kwa hiyo minada iandike mistari miwili, aliyeuza na aliyetengeneza. Bila hivyo, London itaendelea kulipwa sifa kwa jasho la Sheffield.