Gari ya zamani ya marehemu baba: nini inaipa bei, nini inaiharibia?

Ukizunguka nyuma ya nyumba na garaje za Kalemie, bado unaweza kukuta Land Rover ama Toyota Land Cruiser ya zamani, imewekwa juu ya matofali, kuku wanalala ndani. Mwenyewe alishakufa, na watoto wanabishana: tuiuze kwa kilo kama chuma, tuivue piesi, ama tungoje mtu mwenye kutafuta magari ya zamani? Hapa tunaeleza jinsi watu hao wanavyohesabu bei, ili familia isiuze mali kwa haraka, na pia isijidanganye kwamba imekalia dhahabu.

Uzee si uadimu

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwezi wa nne 1948. Kufika 1976, kiwanda cha Solihull, Uingereza, kilikuwa kimetoa gari ya milioni moja. Toyota nayo ilitengeneza Land Cruiser za mfululizo wa 40 tangu 1960 hadi 1984, zikauzwa karibu dunia nzima. Kwa hiyo kuwa na gari kuukuu peke yake haitoshi. Mnunuzi anajiuliza mambo mawili: za aina hii zimebaki ngapi, na watu wangapi wanazitafuta?

Chukua kamyoneti ndefu ya Land Cruiser, ile ya namba 45. Ilinunuliwa kwa kazi, ikapakiwa mizigo mpaka ikachoka kabisa. Ndiyo maana kupata iliyo nzima ni vigumu kuliko ile fupi ya 40. Ama chukua Land Rover zilizotengenezwa na kampuni ya Minerva huko Antwerp, Ubelgiji, kuanzia 1952, kwa ajili ya jeshi la Wabelgiji. Bodi yake ni ya chuma, na vifuniko vya mipira ya mbele vimeinama, si kama zile za Solihull zenye bodi ya aluminiyamu. Mtu asiyejua ataiona imeharibika. Anayejua ataiona ni ya pekee. Lakini kitu adimu kisichotafutwa na mtu ni mzigo tu uani.

Fundi wetu hakukosea, lakini…

Huku kwetu gari ilikuwa ya kufanya kazi. Land Cruiser FJ40 ilikuja na motere ya esansi ya silinda sita, karibu litre 4, na inakunywa sana. Basi watu waliitoa wakaweka ya mazutu. Kwenye barabara ya Moba ama ya Nyunzu, nani anauliza historia ya motere? Anauliza kama tutafika. Fundi aliokoa gari, na bila yeye ingeshakwisha zamani.

Ila mtu wa magari ya zamani anatazama kwa jicho lingine. Kwake, mabadiliko ni ya namna tatu.

Ya kwanza ni yale yanayorudishwa kwa urahisi: mipira mikubwa, taa, viti, redio. Haya yanapunguza bei kidogo tu.

Ya pili ni motere na boite. Namba ya motere isipolingana na ile ya wakati gari inatoka kiwandani, bei inashuka. Kama motere ya kwanza bado iko, hata kama imekufa, sehemu ya bei inarudi.

Ya tatu ni kukata. Shasi iliyokatwa ili irefushwe, bodi iliyopasuliwa ili iingie abiria wengi, namba ya shasi iliyofutwa kwa kulehemu. Hapo hasara ni ngumu kuponywa.

Sheria za nje nazo zinaingia. Katika Umoja wa Ulaya, ili gari ihesabiwe ya kihistoria, inatakiwa iwe na miaka 30 ao zaidi, aina yake isiwe inatengenezwa tena, na mitambo yake mikubwa isiwe imebadilishwa sana.

Kuna pia mabadiliko yanayopandisha bei. Mwaka 1983 mashindano ya Camel Trophy yalifanyika Zaire kwa Land Rover Series III. Gari iliyokuwa kwenye safari ile, ikiwa na vifaa vyake na karatasi za kuthibitisha, ina thamani ya pekee. Bila ushahidi, maneno matupu hayaongezi kitu.

Mnunuzi anahesabu hivi

Tuseme, kwa mfano tu, gari iliyo kamili ingelipwa dola 10.000. Anatoa 4.000 za kutafuta na kurudisha motere ya aina yake, 2.000 za kutengeneza bodi. Bado kuna safari: kuivusha ziwa mpaka Kigoma, kuipeleka Dar es Salaam, kuipandisha meli. Kinachobaki ndicho anachokutolea. Kwa hiyo bei uliyoiona ya gari iliyokwisha kutengenezwa huko Ulaya si bei ya gari yako hapa Kalemie.

Kabla ya kuuza

Safisha uisome namba ya shasi, uilinganishe na karte roze. Karatasi zikikosekana, ama urithi haujakatwa kati ya ndugu, hata gari nzuri inakuwa kesi.

Chukua sumaku. Kwenye kapo ya Land Rover ya Solihull haitakamata, kwa sababu ni aluminiyamu. Ikikamata, ujue ile kapo ilibadilishwa. Kisha lala chini utazame shasi, maana hiyo ni chuma, na kutu inaanzia huko wakati bodi bado inang'aa. Bahati yetu, maji ya Tanganyika hayana chumvi kama ya bahari. Lakini matope yaliyoganda miaka mingi nayo yanakula chuma.

Na kama gari bado inakutafutia unga, usiogope kuitengeneza. Omba tu jambo moja kwa fundi: asikate bila lazima, na kila kinachotolewa, kuanzia motere mpaka kile kibati kidogo chenye namba, kirudi nyumbani. Muuza chuma atakilipa kwa kilo. Kesho mtu mwingine anaweza kukuja kutafuta kile kile, na asikione tena.