Neno «Uharamia»

Haramia, neno lililotujia kutoka Kiarabu na lenye nasaba moja na haramu, ni mnyang'anyi, hasa yule wa baharini, ambaye akishapora shehena humwacha nahodha mikono mitupu. Lakini siku hizi twamwita haramia hata mhandisi anayenakili programu ya kuchorea ramani za majengo pasi na leseni, ijapokuwa aliyeitunga angali nayo kamili.

Mzozo kuhusu unakili wa namna hii ni wa zamani. Autodesk, kampuni ya Marekani iliyotoa AutoCAD, programu ya kuchorea ya aina hiyo, mwaka 1982, iliwataka wateja wake mwaka 1985 wachomeke nyuma ya kompyuta kidude kidogo cha kuzuia unakili ambacho programu ilikitafuta, na isipokiona ilikataa kufanya kazi. Wateja waliolipa kwa halali wakaghadhibika, kwani kilipopotea au kuharibika ni wao waliokwama, na mwaka uliofuata kampuni ikakiondoa huko kwao Marekani.

Hata hivyo neno lenyewe silioni kuwa kali kupita kiasi. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 huzilinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu; na zaidi ya sheria ipo amana ya kazi, kwa maana programu ya kukokotolea boriti na nguzo, iliyovunjwa kufuli na mtu asiyejulikana, aghalabu haipati masahihisho ya watungaji wake pindi kosa la hesabu linapogunduliwa, na mhandisi anayeitumia hutia sahihi michoro ambayo hawezi kuitolea ushahidi.