Uuguzi wa mifupa na majeraha (masomo ya uzamili)

Masomo ya uzamili ya uuguzi wa mifupa na majeraha ni mafunzo ya chuo kikuu kwa wauguzi waliokwisha kusajiliwa, ili wabobee katika kuwahudumia watu waliovunjika mifupa, walioteguka viungo au waliofanyiwa upasuaji wa mifupa. Hayamfanyi muuguzi kuwa daktari wa upasuaji. Humfundisha kuona mapema hatari ambazo daktari, anayepita wodini mara moja au mbili kwa siku, anaweza asizikute.

Historia

Mwanzo wa fani hii huhusishwa na Agnes Hunt (1866–1948), muuguzi Mwingereza ambaye mwenyewe alikuwa na ulemavu wa nyonga tangu utotoni. Mwaka 1900 alifungua nyumba ya wagonjwa katika kijiji cha Baschurch, Shropshire, ambayo punde ilipokea hasa watoto wenye ulemavu. Walilala katika mabanda yaliyo wazi upande mmoja, kwa kuwa wakati huo hewa safi ilihesabiwa kuwa dawa ya kifua kikuu cha mifupa. Daktari wa upasuaji Robert Jones wa Liverpool alishirikiana naye, na mwaka 1921 hospitali ilihamia Oswestry, ambako hadi leo ina majina ya wote wawili.

Jones ndiye aliyehimiza matumizi ya gango la Thomas katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Gango hilo la chuma, lililobuniwa na Hugh Owen Thomas, hushikilia mguu ukiwa umenyooshwa. Lilipunguza sana vifo vya askari waliovunjika mfupa wa paja, lakini lilihitaji mtu wa kulikagua kila siku: ngozi isichubuke kwenye pete, mguu usilegee. Kazi hiyo ilikuwa ya wauguzi.

Yanayofundishwa

Mwanafunzi husoma kwa kina anatomia, namna mfupa unavyounga, aina za mivunjiko, utunzaji wa plasta ngumu (hogo), uvutaji wa mguu kwa uzito ulioning'inizwa, na usafi wa matundu ya vyuma vinavyofungwa nje ya mguu. Husoma pia utulizaji wa maumivu, lishe, na uzuiaji wa vidonda vya mgandamizo na wa damu kuganda katika mishipa ya miguu.

Mfano unaotumika sana darasani ni sindromu ya kompatimenti. Misuli ya mguu au mkono imefungwa ndani ya utando usiotanuka. Mfupa ukivunjika, hasa muundi, misuli huvimba na shinikizo hupanda hadi damu isipite vizuri. Misuli ikikosa damu kwa takriban saa 6 huanza kufa, na mgonjwa anaweza kubaki na kilema au kukatwa mguu. Dalili ya mapema ni maumivu makali kuliko jeraha lenyewe, yasiyotulia kwa dawa, na yanayozidi vidole vikinyooshwa. Ganzi hufuata. Kukosekana kwa mapigo ya damu mguuni ni dalili ya kuchelewa, kwa hiyo anayeingoja hiyo ndipo achukue hatua amekwisha kupoteza muda.

Muuguzi aliyebobea hamwambii mgonjwa avumilie hadi asubuhi. Humwita daktari mara moja, huhakikisha plasta na bandeji vimepasuliwa hadi kwenye ngozi, na huuweka mguu usawa wa moyo, kwa sababu kuuinua juu zaidi hupunguza damu inayoufikia. Hali ikiendelea, daktari hupasua utando ili misuli ipumue. Katika watoto wadogo na wagonjwa waliozimia, wasioweza kueleza maumivu, jicho la muuguzi lina uzito zaidi.

Sifa na vyeti

Mwombaji huhitaji usajili halali na, mara nyingi, uzoefu wa kazi. Nchini Uingereza cheti cha uzamili kina krediti 60, stashahada ya uzamili 120 na shahada ya uzamili 180. Krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za masomo. Huko hakuna rejista ya pekee ya wauguzi wa mifupa, hivyo shahada humsaidia muuguzi kwa mwajiri kuliko kisheria. Afrika Kusini ni tofauti: kanuni R.212 ya mwaka 1993 iliutambua uuguzi wa mifupa kama sifa ya nyongeza inayosajiliwa na Baraza la Uuguzi. Nchini Marekani kuna pia cheti cha ONC, kinachopatikana kwa mtihani baada ya miaka 2 ya uuguzi na saa 1,000 za kazi ya mifupa.

Afrika Mashariki

Ajali za bodaboda zimejaza wodi za mifupa katika eneo hili. Nchini Tanzania hospitali kuu ya fani hii ni Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996. Baadhi ya majeruhi hupitia kwanza kwa waganga wa jadi wa kuunga mifupa, na wengine hufika hospitalini wakiwa wamefungwa vijiti vilivyobana mno. Kwa hao, sindromu ya kompatimenti huweza kuwa imeanza kabla hawajaandikishwa mapokezi, na ukaguzi wa vidole huanzia hapo hapo.