Lipiko na Jarida: Nani Amefunikwa Uso?

Lipiko, barakoa ya Wamakonde, likiingia uwanjani Newala, aliyefunikwa uso ni mchezaji. Sura ya mti mwepesi imechongwa porini, mbali na macho ya wanawake na watoto, na mwili umefungwa nguo hata mkono usijulikane ni wa nani. Ngoma ikikata, mguu nao ukate papo hapo. Ukichelewa pigo moja, uwanja mzima umeona. Wanaohukumu ni wapiga ngoma, wazee, vijana waliokwisha kutoka jandoni na wageni wa kijiji cha pili waliokuja na wivu wao. Hao wote nyuso zao ziko wazi.

Jarida la fizikia limeupindua utaratibu huo. Mwandishi huweka jina lake juu ya ukurasa, na mhakiki ndiye hujificha. Mwaka 1936 Albert Einstein, pamoja na msaidizi wake Nathan Rosen, alipeleka Physical Review makala iliyodai kwamba mawimbi ya graviti hayapo. Mhariri, John Tate, akaituma kwa mhakiki asiyetajwa, na ripoti ikarudi ikiorodhesha kasoro za makala hiyo. Einstein alikasirika kwamba kazi yake ilionyeshwa mtu kabla haijachapwa, akaiondoa. Ikatoka mwaka 1937 katika Journal of the Franklin Institute, lakini hitimisho lilikuwa limekwisha kugeuzwa. Mhakiki yule, Howard Percy Robertson, alikuwa Princeton hapo hapo alipokuwa Einstein. Alimfafanulia kosa Leopold Infeld, mshirika mpya wa Einstein, kwa njia ya mazungumzo, bila kujitambulisha kuwa ndiye aliyeandika ripoti. Hakimu alibaki na barakoa yake, ukweli ukapita. Utaratibu wa siri una ubaya wake, ila siku ile ulimwokoa mkubwa wa wakubwa na aibu.

Kwa hiyo sibezi majarida yenye jina. Ninachokataa ni kuchagua jarida kwa jina lake tu, na kesi nzuri ya kulipima hilo ni yetu wenyewe.

Mwaka 1963, Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, ndipo unayaingiza kwenye friji. Nafasi zilikuwa chache. Mwenzake mmoja aliwahi kwa kuingiza maziwa ambayo hayakuchemshwa. Mpemba, asikose nafasi, akaingiza yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu, ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado uji. Alipouliza, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu, na darasa likaugeuza usemi huo kuwa dhihaka ya kila siku. Kisha Denis Osborne wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam akaja kutoa mhadhara, na kijana akasimama na swali lile lile. Osborne hakucheka. Aliporudi Dar es Salaam alimpa fundi wa maabara kazi ya kulijaribu. Fundi akaleta jibu kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, akaahidi kuendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi!

Makala ilitoka mwaka 1969 katika Physics Education, jarida la walimu wa fizikia la Uingereza. Sehemu ya kwanza ni sauti ya Mpemba mwenyewe, pamoja na aiskrimu na dhihaka zote. Ya pili ni Osborne na vipimo vyake. Mwaka huo huo G. S. Kell wa Kanada aliandika juu ya jambo hilo katika American Journal of Physics, bila kuwajua. Hata hivyo ulimwengu unalijua kama athari ya Mpemba. Jarida lenye kurasa chache na mtindo mkavu lingeikata sehemu ya kwanza, na sehemu hiyo ndiyo iliyowagusa walimu.

Ubishi haujaisha. Mwaka 2016 Burridge na Linden waliandika katika Scientific Reports kwamba hawakupata ushahidi wa kutosha katika maji. Mwaka 2017 Physical Review Letters ikachapa athari hiyo katika vimiminika vya chembechembe, na mwaka 2020 Nature ikatoa jaribio la Kumar na Bechhoefer lililoionyesha waziwazi katika mfumo wa koloidi. Majarida makubwa yamekuja kucheza kwenye uwanja uliofunguliwa na jarida la walimu.

Turudi Newala. Chukua mwanafizikia kijana aliyepitisha umeme ardhini kupima ukinzani wa tabaka za mchanga wa uwanda wa Makonde, akitafuta maji. Newala imekaa juu, maji yako chini. Kwa miaka mingi yamepandishwa kwa pampu kutoka chanzo cha Mitema. Akiipeleka kazi hiyo Physical Review Letters itarudi haraka, na kwa haki. Mahakimu wanaojua tofauti ya mchanga wenye maji na udongo wenye chumvi wako Journal of African Earth Sciences, au Tanzania Journal of Science ambako mhandisi wa maji wa Masasi ataisoma bila kulipia.

Mwaka 2022 Wizara ya Elimu ilitangaza tuzo ya shilingi milioni 50 kwa watafiti wetu watakaochapisha katika majarida ya hadhi ya juu. Ni jambo jema; mtafiti naye ana watoto wa kusomesha. Lakini kigezo kikiwa hadhi ya jarida peke yake, makala ya Mpemba na Osborne, inayojulikana duniani kuliko karibu kazi yoyote ya fizikia iliyowahi kuanzia Tanzania, isingeambulia hata senti. Kigezo hicho kirekebishwe: kamati isome makala kwanza, jina la jarida lifuate.