Tezi na Omo: Maneno ya Bahari Tuliyoyasoma Kombo

Wengi wetu tuliopita katika shule hii tulitoka bara, na bahari tuliijua katika ramani tu. Tulipofundishwa methali isemayo "Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani," kila mtu alijitungia maana yake. Mmoja alisema tezi ni ule uvimbe wa shingoni. Mwingine, ambaye kwao walitumia sabuni ya unga, akatuhakikishia kwamba Omo anaifahamu sana!

Aliyetuokoa ni mwenzetu wa dawati la nyuma, mtoto wa mvuvi wa Pangani, ambaye kwa kawaida hakunyosha mkono. Tezi, alisema, ni upande wa nyuma wa chombo, na omo ni mbele. Ngama ni chini kabisa, tumboni, ambako maji yanayovuja hukusanyika. Huko ndiko mabaharia wanakofua maji. Hapo tukacheka, maana kwetu kilichofuliwa ni nguo. Kumbe kufua maji ni kuyateka na kuyamwaga nje, chombo kisije kikazama. Baharia aweza kutembea tezi na omo apendavyo, lakini ngamani atarudi tu.

Kukosea methali si hasara kubwa. Kukosea historia ni jambo jingine. Katika jaribio moja tuliulizwa habari za majahazi ya Arabuni na Bara Hindi. Kijana yule aliandika kwamba yalikuja kwetu kwa kaskazi na kurejea kwa kusi. Akawekewa mkasi, kwa hoja kwamba kaskazi lazima impeleke mtu kaskazini. Sisi wengine tulioandika kinyume tulipewa alama zote.

Yeye ndiye aliyekuwa na haki. Kaskazi si mahali bali ni upepo, na upepo huitwa kwa kule utokako. Huvuma tangu Desemba hivi hadi Machi kutoka kaskazini-mashariki, ukisukuma vyombo kuja kusini. Kusi huanza kiasi cha Aprili na kuvirudisha. Kusi ya Juni na Julai ni kali, kwa hiyo manahodha wengi waliwahi kuondoka mapema au walingoja Agosti. Hata neno kaskazini limezaliwa na jina la upepo huo. Sisi tulidhani upepo ndio uliozaliwa na ramani. Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, alisafiri hivyo hasa katika jahazi la Kuwait. Aliondoka Aden mwishoni mwa 1938, akafika Unguja na Rufiji, walikopakia boriti za mikoko, kisha wakarudi Ghuba mwaka 1939 kwa kusi. Anayegeuza pepo hizi anaondosha wageni katika miezi waliyokuwa wakifika, na bei, ndoa na madeni ya bandarini yote hayaeleweki tena.

Mitego mingine ni midogo. Ukisoma kwamba watu waliondoka "tanga mbili," usianze kuhesabu matanga: ni majira ya katikati ya misimu, pepo zinapogeukageuka na chombo chaweza kwenda huku au huko. Chombo "kikibisha" hakigombani na mtu. Kinakwenda mshazari, mara kulia mara kushoto, ili kisonge mbele dhidi ya upepo. Na tunaposema "vyaelea vimeundwa," sisi tuliozoea kuunda kamati tumemsahau fundi aliyeinama pwani na tezo yake, akichonga mbao, na mwenzake akitia kalafati.

Mwenzetu hakupinga alama ile. Jioni, bwenini, nilimwuliza kwa nini hakwenda kumweleza msahihishaji. Akajibu kwamba baba yake hakusoma, angemtaja vipi kuwa ndiye kitabu chake? Nami, niliyepewa alama zote, nilinyamaza pia.