Freretown: Makazi ya Waliookolewa Utumwani

Mwishoni mwa 1874 kasisi Mwingereza William Salter Price, aliyewahi kuwalea Waafrika waliookolewa utumwani huko Sharanpur, karibu na Nasik nchini India, aliwasili Mombasa kwa niaba ya CMS, shirika la kimisheni la Kianglikana, na mwaka uliofuata akapata ardhi hapa Kisauni, ambako alianzisha makazi yaliyopewa jina la Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyefika Zanzibar mwaka 1873 kudai biashara ya watumwa ikomeshwe.

Walowezi wa makazi hayo hawakuhama kwa hiari: walikuwa mateka, wakiwemo Wayao na Wamakua, walioteremshwa kutoka majahazi yaliyokamatwa baharini na manowari za Uingereza, nao wakaanza maisha upya mbali mno na makwao. Haki inadai watajwe pia "Waafrika wa Bombay", yaani waliosomeshwa India, kama William Jones, Ishmael Semler na George David, ambao walikwisha kuhudumu katika kituo cha CMS cha Rabai kabla Price hajafika. Kengele iliyowatahadharisha wakazi dhidi ya wavamizi ndiyo asili ya jina la eneo la Kengeleni.